Aliyepoteza kauli hakupoteza akili

Msafiri atokaye mjini Kericho kuelekea Kisumu hupita kwanza kati ya mashamba makubwa ya majani chai, kisha hufika Kapsoit, kituo kidogo cha biashara ambacho wengi hukipita bila kukitupia jicho mara mbili. Karibu na hapo ndipo nilipofunzwa kusoma na kuandika. Na karibu na hapo ndipo, mwaka jana, nilipoitwa kuhudhuria kikao cha jamaa ambacho kilinionyesha kwamba elimu yangu ya isimu, licha ya shahada ya uzamifu niliyoitolea jasho, ilikuwa na pengo ambalo sikuwa nimeliona.

Aliyenifanya niitwe ni mwalimu wangu wa zamani. Sitalitaja jina lake, kwa maana mambo ya ugonjwa na mashamba ni siri ya wenyewe. Itatosha kusema kwamba mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985 na Kiswahili kikafanywa somo la lazima lenye kutahiniwa, yeye alikuwa miongoni mwa walimu waliolazimika kujifundisha upya ili wapate kutufundisha sisi. Watoto wote wa darasa letu walizungumza Kipsigis nyumbani. Ngeli za Kiswahili zilikuwa mzigo usiobebeka. Yeye akazigeuza kuwa wimbo. Alikuwa akipiga dawati kwa rula, nasi tukiitikia: A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI. Kama leo ninawafunza wanafunzi wa chuo kikuu upatanisho wa kisarufi, nimesimama juu ya mabega ya rula ile.

Baada ya kustaafu alirudi kwenye shamba lake dogo la majani chai. Asubuhi moja, akiwa kwenye foleni ya kupimiwa majani katika kituo cha kununulia, kikapu kilimponyoka. Mkono wa kulia ulilegea, mdomo ukapinda, na alipotaka kuwaeleza wenzake yaliyompata, hakutoka neno. Wapo waliosema ni malaria ya kichwa. Wapo walionong'ona kwamba karogwa. Kilikuwa kiharusi.

Majuma mengi baadaye, jamaa walipokwisha kuuza ng'ombe na kuongeza fedha za bonasi, alipelekwa katika mji wa mbali kupigwa picha ya MRI. Picha zile zilirudi nyumbani ndani ya bahasha kubwa pamoja na ukurasa mmoja wa maelezo kwa Kiingereza. Ukurasa huo ndio ulionifanya niitwe. Wazee wa hapo huniita daktari, nami daima huwakumbusha kwamba mimi ni daktari wa maneno, siwezi hata kutibu homa. Siku hiyo hawakutaka mzaha. Kijana wake mkubwa alikuwa amempata mnunuzi wa sehemu ya shamba, na karatasi za kuuzia zilikuwa tayari mezani. Lililobaki ni kidole gumba cha baba yake.

“Daktari, tusomee,” kijana aliniambia. “Hapo pameandikwa kwamba ubongo wa mzee umekufa. Sasa yeye si wa kuulizwa tena.”

Nami, msomaji mpenzi, ninaona haya kuungama nilichokifanya. Niliichukua karatasi, nikamgeukia kijana, nikaanza kumweleza yeye. Mwalimu wangu alikuwa ameketi hatua tatu kutoka kwangu, blanketi magotini, akinitazama. Nilimzungumzia kama mtu anavyozungumzia meza. Ndipo Mama, mkewe, alipokohoa na kusema kwa upole, “Mwanangu, hujamsalimu mwalimu wako.”

Karatasi ile haikusema kwamba ubongo umekufa. Ilisema kwamba sehemu ya upande wa kushoto wa ubongo, kuelekea mbele, ilikuwa imekosa damu na kuharibika. Kati ya kauli hizi mbili pana umbali mkubwa kuliko ule wa Kapsoit na Kisumu. Ili umbali huo ueleweke, yafaa tujiulize mashine ile huona nini hasa, na nini isichoweza kuona.

Mwili wa binadamu umejaa maji, na katika kila molekuli ya maji mna atomi mbili za haidrojeni. Kiini cha atomi hiyo ni protoni moja, ambayo hutenda kama sumaku ndogo mno. Kwa kawaida sumaku hizi huelekea huku na huko, kama wanafunzi wakati wa mapumziko. Mtu anapoingizwa ndani ya mashine ya MRI ni kama kengele ya gwaride imepigwa: si wote wanaotii, lakini wanaojipanga kufuata sumaku kubwa huwazidi kidogo wanaokaidi, na ziada hiyo ndogo yatosha. Mashine nyingi za hospitali zina nguvu ya tesla 1.5, yaani zaidi ya mara 30,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia inayoielekeza dira.

Kisha hutumwa mawimbi ya redio. Katika mashine ya tesla 1.5 masafa yake ni kama megahazi 64, chini kidogo ya yale ambayo vituo vya FM hututangazia habari. Mawimbi haya huziyumbisha zile protoni zilizojipanga. Yanaposita, protoni hurejea mahali pake, na katika kurejea hutoa mwangwi hafifu wa redio ambao mashine huunasa. Protoni zilizo katika maji matupu hurejea kwa mwendo mmoja, zilizo katika mafuta kwa mwendo mwingine, na zilizo katika tishu ya ubongo kwa mwendo mwingine tena. Kutokana na tofauti hizo huchorwa picha. Na mashine hujuaje mwangwi umetoka wapi? Nguvu ya sumaku hufanywa izidi kidogo upande mmoja na kupungua upande wa pili, hivyo kila mahali pakawa na sauti yake, kama kwaya ambamo kila aliyesimama mahali fulani ameagizwa noti yake. Makoili yanayobadilisha nguvu hiyo hutikisika, na huko ndiko zitokako zile kelele za kugongagonga zinazowatisha wagonjwa.

Hakuna eksirei wala mnururisho wa kudhuru chembehai katika shughuli hii. Lakini sumaku yenyewe si kitu cha kuchezewa. Mwaka 2001, katika jimbo la New York, mtoto wa miaka 6 alifariki baada ya mtungi wa oksijeni ulioingizwa chumbani kimakosa kuvutwa na sumaku ukamgonga kichwani. Ndiyo maana mgonjwa huulizwa mara kwa mara kuhusu vyuma mwilini. Ndiyo maana pia ni lazima aulizwe kwa lugha anayoifahamu.

Elimu hii haikuzuka kwa siku moja. Felix Bloch na Edward Purcell walionyesha mwaka 1946, kila mmoja kivyake, jinsi viini vya atomi vinavyoitikia mawimbi ya redio. Mwaka 1973 Paul Lauterbur alichapisha njia ya kugeuza mwitikio huo kuwa picha, na Peter Mansfield wa Uingereza akabuni hesabu na mbinu za kuipata picha kwa haraka. Wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2003. Walimu wenzangu na wasikie hili: Mansfield aliacha shule akiwa na miaka 15. Alipomwambia mshauri wa kazi kwamba angependa kuwa mwanasayansi, alishauriwa atafute jambo la kadiri yake. Akaenda kufanya kazi katika mambo ya uchapaji, akasoma jioni, na hatimaye akawa profesa wa fizikia. Tunapomtazama mtoto mzito wa kujibu na kumwandikia kwenye ripoti kwamba hana lolote, tukumbuke kwamba hatuna mashine ya kupimia mwisho wake.

Sasa turejee kwenye ubongo na lugha. Mwaka 1861 daktari mmoja wa Paris, Paul Broca, alimpokea mgonjwa aliyeitwa Leborgne ambaye kwa miaka mingi hakuweza kutamka zaidi ya silabi “tan”. Mgonjwa huyo alionekana kuelewa mengi aliyoambiwa. Alipofariki, Broca aliuchunguza ubongo wake na kukuta kidonda katika sehemu ya mbele ya upande wa kushoto. Tangu hapo sehemu hiyo imeitwa kwa jina la Broca, na vizazi vya wanafunzi wa isimu vimekariri kwamba hapo ndipo yalipo makao ya usemi. Mwaka 1874 Carl Wernicke akaeleza hali tofauti: mgonjwa asemaye kwa wepesi maneno yasiyo na maana, naye haelewi aambiwalo. Hali hizi za kupotewa na lugha kwa sababu ya madhara ya ubongo huitwa afasia.

Jambo la ajabu ni kwamba Broca hakuupasua ubongo wa Leborgne. Aliuhifadhi. Mwaka 2007 Nina Dronkers na wenzake walichapisha matokeo ya kuuingiza ubongo huo, pamoja na wa mgonjwa wa pili wa Broca, katika mashine ya MRI. Walikuta kwamba madhara yalikwenda ndani zaidi kuliko Broca alivyoweza kuyaona kwa macho. Yalikuwa yamefikia nyuzi ndefu za neva ziunganishazo sehemu ya mbele ya ubongo na za nyuma. Yaani ubongo uliohifadhiwa karibu miaka 150 ulisahihisha kitabu kilichoandikwa juu yake. Lugha haina nyumba moja yenye kufuli. Ni kijiji chenye nyumba kadhaa na njia nyingi, na barabara ikikatika, nyumba zaweza kubaki zimesimama ilhali majirani hawafikiani.

Njia hizo hazikuweza kuonekana ndani ya mtu aliye hai mpaka MRI ilipofunzwa kufuatilia mwendo wa maji. Maji hupenya kwa wepesi kufuata urefu wa uzi wa neva kuliko kuukata, kama yafuatavyo mifereji kati ya mistari ya majani chai. Kwa kupima mwendo huo wataalamu huchora ramani ya nyuzi za ubongo. Kipimo hicho hicho huonyesha kiharusi mapema mno, kwani chembe zilizokosa damu huvimba na maji ndani yake yakakwama. Nyuzi ziongozazo viungo nazo huvuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili kabla ya kuingia katika uti wa mgongo. Hivyo basi, kidonda cha kushoto kichwani kikawa mkono wa kulia uliodondosha kikapu.

Mwaka 1990 Seiji Ogawa na wenzake walionyesha kwamba damu yenye oksijeni na ile iliyopungukiwa nayo hutofautiana kisumaku. Kutokana na hilo ikapatikana MRI ya kutazama ubongo ukiwa kazini: mtu akisikiliza hadithi, baadhi ya sehemu hupata damu zaidi, nazo huchorwa kwa rangi kwenye kompyuta. Picha hizi zimewalevya wengi. Magazeti hutuambia kwamba pamegunduliwa mahali pa upendo, mahali pa imani, mahali pa uongo. Ni vyema msomaji ajue kwamba rangi ile si fikra. Ni kadirio la hesabu kuhusu damu, na damu huchelewa sekunde kadhaa nyuma ya shughuli ya neva, wakati ambapo msemaji amekwisha kutamka sentensi nzima. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake, wakitaka kuwaonya watafiti wenzao, waliweka samaki aliyekufa katika mashine, wakamwonyesha picha za watu na kumtaka akisie hisia zao. Hesabu zilipofanywa bila tahadhari, ubongo wa yule maiti ulionekana kufanya kazi. Walichokosoa si mashine. Walikosoa uvivu wa msomaji wa mashine.

Huo ndio uvivu uliokuwa mezani Kapsoit. Picha ilionyesha doa, nasi tukalisoma doa kama hukumu.

Baada ya Mama kunionya, nilisogeza kiti nikaketi mbele ya Mwalimu, nikamwamkia “Chamgei” na kumpa mkono wa kushoto kwa kuwa wa kulia haukuinuka. Akajaribu kujibu. Midomo ilihangaika, jasho likamtoka, na neno likagoma. Sijui ni kitu gani kilichonijia. Nikaanza kugonga meza kwa kidole: A-WA. Nikanyamaza. Naye, kwa sauti iliyokwaruza lakini iliyo wazi, akaendelea: U-I, LI-YA, KI-VI. Kijana wake alishtuka hata akasimama. Hakuwa amemsikia baba yake akitamka maneno matatu mfululizo tangu siku ya kituo cha majani.

Haukuwa muujiza. Yajulikana tangu zamani kwamba wengi wenye afasia waweza kuhesabu, kuimba na kukariri mambo waliyoyazoea, hata pale wanapokosa neno la kuomba maji. Lakini wimbo ule ulifanya kazi ambayo maelezo yangu yasingeifanya. Ulimrudisha Mwalimu katika kikao.

Ndipo nikafanya kile ambacho ningepaswa kukifanya tangu mwanzo. Nilimwomba ainue kidole kimoja kwa “ndiyo” na viwili kwa “siyo”. Nikamuuliza kama jina lake ni fulani, kisha kama ni jina la mtu mwingine. Nikamuuliza kama Kapsoit iko Mombasa. Akanitazama kwa jicho lile lile la zamani, la kumtazama mwanafunzi aliyeuliza upuuzi, akainua viwili. Nikaenda mbele kidogo. Nilipomwuliza, “Simba alimuua nyati. Je, nyati alikufa?” alijibu sawa. Nilipoigeuza, “Simba aliuawa na nyati. Je, nyati alikufa?” alisita, akakosea, akasahihisha, akakosea tena. Nilitambua mara moja, kwa kuwa jambo hili limeandikwa sana katika taaluma yetu: wengi wenye afasia ya aina hii huelewa mazungumzo ya kila siku, lakini hutatizwa na sentensi ambayo mtenda na mtendwa wamebadilishana nafasi.

Ilinibidi niwe mwaminifu kwa pande zote mbili. Sikuweza kuwaambia kwamba Mwalimu alikuwa kama zamani. Niliwaambia kwamba anaelewa, mradi aulizwe kwa sentensi fupi, moja baada ya nyingine, kwa lugha yake, na apewe muda wa kujibu. Kisha nikaitazama ile karatasi ya kuuzia shamba. Ilikuwa ya Kiingereza cha mawakili, sentensi moja ikijaa nusu ukurasa, na vitenzi vyake karibu vyote katika kauli ya kutendwa. Ilikuwa sentensi ya simba na nyati iliyovishwa suti. Mtu mwenye afya angeshindwa kuielewa. Tulikuwa tumemwekea Mwalimu kidau cha wino mbele yake.

Tuliianza upya kwa Kipsigis. Je, auze sehemu ya shamba iliyo kando ya kijito? Vidole viwili, na mkono ukagonga goti. Je, shamba liuzwe baadaye? Viwili. Je, aiuze miti ya mikaratusi iliyo mpakani, ili fedha zigharamie matibabu na karo ya wajukuu? Alifikiri kwa kitambo. Kidole kimoja. Tukauliza tena kwa maneno mengine ili tuhakikishe. Kidole kimoja. Kijana wake aliikunja ile karatasi akaitia mfukoni. Sitamlaumu sana. Madeni yalikuwa ya kweli, naye alikuwa ameambiwa na kila mtu kwamba baba yake hayupo tena. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemwambia hivyo, kwa mgongo wangu.

Kisa hiki kimenifanya niyatafakari mambo matatu ambayo ningependa kuwaachia walimu na wanafunzi.

La kwanza ni maneno. Tazama neno “mshipa”. Katika Kiswahili cha kila siku mshipa waweza kuwa wa damu, waweza kuwa wa fahamu, na waweza kuwa maradhi ya kinena. Mtu aambiwapo kwamba mshipa wa kichwa umeziba, je, aelewe nini? Jamaa wa Mwalimu walielewa kwamba akili imeziba. Laiti wangeambiwa kwamba mshipa wa damu umeziba na neva zilizoutegemea zikafa, mambo yangekuwa mengine. Si kweli kwamba Kiswahili hakina istilahi. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na TUKI mwaka 1990. Tatizo ni kwamba maneno hayo yamebaki kabatini, nasi tunaendelea kuwafunza watoto wetu sehemu za ubongo kwa lugha ambayo hawataitumia kumweleza nyanya yao. Mwalimu aliponiashiria jinsi alivyopigwa picha, mkewe alinieleza kwamba maagizo yote yalitoka kwenye kipaza sauti kwa Kiingereza. Hakujua kelele zile ni za nini. Alidhani mashine imeharibika naye yumo ndani. Dakika mbili za maelezo kwa Kiswahili au Kipsigis zingetosha.

La pili ni utafiti. Mwaka 2022 kundi la watafiti wa Marekani lilichapisha uchunguzi wa MRI uliohusisha wazungumzaji wa lugha 45 kutoka familia 12 za lugha, nao wakakuta kwamba sehemu za ubongo zishughulikiazo lugha hufanana sana kila mahali. Ni habari ya kufurahisha, na tena ni heshima kwa binadamu wote. Lakini lugha za Kiniloti, ambazo Kipsigis ni mojawapo, hazikuwemo. Hili si dogo. Katika Kipsigis, kitenzi hutangulia, na toni ya nomino ndiyo husaidia kutambulisha nani katenda na nani katendwa. Je, kiharusi kikiharibu sarufi ya Mpsigis, toni hizo hupotea? Katika Kiswahili nako, vitabu vya Kiingereza hutuambia kwamba mgonjwa wa Broca huacha viambishi. Lakini ukiondoa viambishi vyote katika “ninasoma” hubaki “som”, ambalo si neno la kutamkika kwetu. Katika Kiebrania, ambako mzizi mtupu nao hautamkiki, imeonekana tangu miaka ya 1980 kwamba wagonjwa hubadilisha viambishi badala ya kuviacha. Mwalimu wangu, anapojitahidi, husema “soma” mahali pa “ninasoma” na “alisoma”. Mtu mmoja si utafiti. Ni swali tu, nalo linawangoja wanafunzi wetu wa isimu, ambao wengi wao wanarudia kuandika tasnifu ambazo zimekwisha kuandikwa.

La tatu ni mashine zenyewe. Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya matajiri. Ni kweli kwamba MRI ya kawaida ni ghali, hupozwa kwa heliamu iliyo kwenye nyuzijoto 269 chini ya sufuri, na haitaki umeme wa kukatikakatika kama wetu. Lakini huko Blantyre, Malawi, mashine isiyo na nguvu nyingi ilitumika kuwachunguza watoto waliopoteza fahamu kwa malaria ya ubongo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba kati ya watoto 25 waliofariki, 21 walikuwa wamevimba ubongo vibaya walipopokewa. Swali lililosumbua madaktari kwa miaka mingi, kwamba watoto hawa huuawa na nini, lilipata jibu hapa Afrika. Na jirani zetu wa Mbarara, Uganda, wamekwenda mbali zaidi. Katika ripoti iliyochapishwa mwaka 2023, Johnes Obungoloch na wenzake walieleza jinsi walivyoiunda mashine ndogo ya MRI papo hapo chuoni, kwa sumaku za kudumu zisizohitaji heliamu, nguvu yake ikiwa kama tesla 0.05. Vifaa vililetwa kwa ndege kutoka Uholanzi. Wakufunzi walikuwa 4, na wajenzi 6 hawakuwa na mafunzo ya kazi hiyo. Tangu vifaa vilipofika hadi picha ya kwanza zilipita kama siku 11. Picha zake si kali kama za mashine kubwa, lakini lengo lake ni kuwasaidia watoto wenye vichwa vilivyojaa maji, na kwa kazi hiyo ukali wa kupindukia hauhitajiki. Mwanafunzi wa fizikia wa Kericho akisoma habari hiyo, asiseme “wao”. Aseme “sisi je?”

Wakati tukingoja mashine, yako yasiyohitaji sumaku yoyote. Kila mtoto wa shule aweza kufunzwa dalili za kiharusi: uso uliopinda upande mmoja, mkono usioinuka, usemi uliovurugika. Kila mtoto aweza kufunzwa kwamba hapo hakuna kungoja, kwani dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hufaa katika saa chache tu za mwanzo, kama saa nne na nusu, na haitolewi mpaka picha ya kichwa, kwa kawaida ile ya CT ambayo ni ya haraka, ionyeshe kwamba hakuna mshipa wa damu uliopasuka. Mwalimu alikaa kituoni kwa muda mrefu akipepewa kwa gunia, watu wakibishana kama ni malaria au uchawi. Wengi wa waliobishana walikuwa wanafunzi wake.

Nilipomtembelea mara ya mwisho, mikaratusi ilikuwa imekwisha kukatwa na mvua ya mawe ilikuwa imepiga majani. Mjukuu wake wa darasa la nne alikuwa ameketi naye kibarazani na daftari la Kiswahili. Mtoto alikuwa amekwama kwenye ngeli. Babu yake aligonga mkono wa kiti mara moja, akangoja. Nilipomuaga, alihangaika kwa kitambo kirefu, nami safari hii sikumkatiza wala kummalizia. Hatimaye likatoka, neno moja, la lugha yake ya kwanza: “Kongoi.” Nikainamisha kichwa, kama tulivyozoea kufanya wakati ule akiturudishia madaftari.